Hita za akwariamu kwa baridi la Mbeya: ipi ununue, ipi uiache hukohuko dukani

Wakuu mnaofuga samaki wa mapambo huku nyanda za juu, kipupwe hicho kinakuja, na kila mwaka ikifika mwezi wa saba utasikia watu wanalia samaki wamelala chini, hawali, wanakufa mmoja mmoja, sijui maji yana shida gani, kumbe maji hayana shida yoyote ni baridi tu. Nimetumia hita za aina tatu hapa Mbeya pamoja na thamostati moja ya nje (kiboksi kinachowasha na kuzima hita kwa kufuata joto la maji), na nimeona nizichambue zote kwa pamoja maana mtu akiulizia hita anajibiwa "chukua yoyote tu, zote zinapasha", na hilo sio kweli hata kidogo. Watu wa Dar, Tanga na Unguja hii haiwahusu sana, nyie pambaneni na feni zenu.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi lenyewe. Mbeya mjini tupo kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita mpaka wa nane usiku inashuka chini ya digrii 10 kirahisi kabisa, na nyumba zetu hizi za tofali na bati hazina chochote cha kushikilia joto, sebuleni asubuhi unakuta 15 au 16. Maji ya tangi lisilo na hita yanaifuata hewa ya chumba taratibu mpaka yanalingana nayo, kwahiyo samaki anaetaka 25 anaamkia kwenye 16. Wenzetu wa Njombe na Makete ndo usiseme.

Mimi nafuga mbuna, wale wadogo wa rangi ya njano na bluu wa Ziwa Nyasa, na kinachonichekesha ni kwamba ziwa lenyewe ni hapo tu, unateremka Tukuyu, unaingia Kyela, unatokea Matema. Kule ziwa lipo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na maji ya juu yanacheza kati ya 23 na 28 mwaka mzima, bibi zetu wanaosha vyombo mbuna wakiwa wanazunguka mawe pembeni ya miguu yao, hamna anaewalipia chochote. Ukishampandisha huyohuyo samaki mlima mpaka Uyole unaanza kumnunulia luku. Mfugaji wa mbuna alieko Ujerumani na wewe uliepo masaa machache tu kutoka ziwani mnahitaji hita ileile.

Mbuna weka 24 mpaka 27. Gapi anavumilia, ila chini ya 20 anaanza kukunja mapezi. Beta (yule wa kupigana) anataka 25 kupanda, enjo vilevile, na diskasi ndo ana gharama kuliko wote, 28 mpaka 30. Kama una goldifishi peke yake usinunue hita, yule ni wa maji ya baridi, hela hiyo mnunulie filta kubwa maana anachafua balaa. Baridi likimkuta samaki wa joto, tumbo linasimama, chakula ulichomwaga kinabaki chini kinaoza, kinga inashuka, na baada ya hapo ndo unaona vile vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Watu wanakimbilia kununua dawa ya vidoa wakati tangi lipo 18, dawa nyingi zinamkuta yule mdudu anaeleta vidoa akiwa amejificha ndani ya ngozi ya samaki na kwenye baridi mzunguko wake unachukua wiki nyingi, ukipandisha joto mzunguko unakua mfupi na dawa inampata akitoka. Ukipandisha ongeza na hewa, maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo.

Haya tuingie kwenye hita.

Ya kwanza ni ile ya kioo ya Kichina ambayo kila duka la samaki linayo, boksi lina picha ya enjo na maandishi ambayo hata muuzaji hayajui, haina jina la maana, ukiulizia mwezi ujao ileile inakuja na jina lingine. Bei yake hapa ni kati ya elfu ishirini na thelathini kutegemea wati. Ina kidude cha kuzungusha juu chenye namba kuanzia 18 hadi 34, ina kataa kekundu kanakowaka ikiwa inapasha, na mstari unaoonyesha maji yasishuke chini ya hapo. Kazi ya kupasha inafanya, tena vizuri, hapo siidanganyii. Tatizo ni ile namba. Yangu niliiweka kwenye ndoo ya lita 20 yenye pampu ya hewa ndani, nikaiseti 26, asubuhi kipimajoto kikasoma 30. Nikarudisha mpaka 22 ndo ikatulia kwenye 26. Yaani namba iliyoandikwa pale ni pambo tu, na ningeitumbukiza moja kwa moja kwenye tangi la samaki ningekua nawapika taratibu huku namba inaniambia mambo safi.

Alafu kuna plagi. Inakuja na pini mbili bapa au mbili za mviringo, soketi zetu ni za pini tatu, na mnajua wabongo tunavyofanya, unachukua mfuniko wa peni unachokonoa tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke, unasukuma pini mbili ndani, inakaa imelegea na ukigusa waya inatoa cheche. Kwenye chaji ya simu sijui, ila kwa kitu kinachokaa ndani ya maji usiku kucha mwezi wa saba mzima hapana. Plagi iliyolegea inachemka, plastiki inaanza kubadilika rangi, mwisho inaungua. Nenda duka la umeme nunua plagi ya pini tatu yenye fyuzi, mpe fundi akate ile akufungie hii, muombe aweke fyuzi ya 3A maana zinakuja na 13A na hita haihitaji yote hiyo.

Na tatizo kubwa zaidi la hizi hita lipo ndani. Kinachowasha na kuzima ni bati dogo jembamba la metali mbili zilizogandana, likipoa linajikunja linagusa, likipata moto linajikunjua linaachia. Kila likigusa na kuachia kunakua na cheche ndogo, na Mbeya kwenye kipupwe hita inawaka na kuzima mara nyingi sana kwa siku kuliko inavyofanya sehemu ya joto, mwishowe zile ncha zinaungana haziachii tena. Hapo hita inawaka moja kwa moja. Jamaa yangu wa Uyole alikuta gapi wote wameelea na maji yana moto wa kuogea. Hita ikifa kwa kuzima unapata masaa mengi ya kugundua, maji yanapoa polepole. Ikifa kwa kuwaka, asubuhi unafagia.

Na hapo ndo inakuja ishu ya wati, ambayo wauzaji wengi wanaipotosha. Utaambiwa "chukua kubwa mkuu, baridi la huko kali". Piga hesabu kidogo, wati 300 kwenye tangi la lita 60 inaweza kupandisha maji kama digrii 4 kwa saa moja, kwahiyo ikigoma kuzima saa nane usiku, saa kumi na moja alfajiri umeshapita 35. Tangi hilohilo ukiweka wati 75 inapandisha kama digrii 1 kwa saa, na hiyo ni kama tangi halipotezi joto, sasa chumba kikiwa 15 joto linapotea kila dakika, inafika mahali hita ndogo haiwezi tena kusogeza mbele hata kama imegoma kuzima. Udogo wake ndo usalama wako. Kwa baridi letu mimi naenda wati 1.5 mpaka 2 kwa kila lita ila nagawa kwenye hita mbili, tangi la lita 100 naweka mbili za wati 100 badala ya moja ya 200, moja huku moja kule. Moja ikifa kwa kuzima nyingine inashikilia hata kama sio 26 basi 20 na kitu, moja ikifa kwa kuwaka haina nguvu ya kuua fasta.

Maksi kwa hiyo ya kioo: 5 kwa 10 ikiwa peke yake. Ikiwa na thamostati ya nje ntakwambia huko chini.

Ya pili ni ile ndogo bapa ya plastiki, wati 25, haina cha kuzungusha, imeandikwa itapeleka maji 26 yenyewe. Nilichukua kwa ajili ya tangi la beta la lita 25. Uzuri wake haivunjiki, mtoto akiiangusha hamna shida, unaificha nyuma ya jiwe haionekani. Sema huku kwetu haitoshi. Mwezi wa tatu mpaka wa tano ilikua poa kabisa, 26 imetulia. Kipupwe kilipoingia ikawa inawaka mchana na usiku bila kupumzika na maji hayavuki 22, beta akawa amekaa juu ya mtambo wenyewe kutwa nzima anaota joto. Nikaweka mfuniko ikafika 24. Nje ya msimu wa baridi au Morogoro huko ni kitu kizuri sana, kwa Mbeya mwezi wa saba 4 kwa 10.

Ya tatu ni Eheim Jäger ya wati 100, ya Kijerumani, shemeji aliniletea akija likizo maana hapa kuipata ni shughuli. Hii ni kioo pia lakini shika mkononi utaelewa tofauti, kioo ni kizito na waya ni mrefu wa kutosha. Inaseti kuanzia 18 mpaka 34, na kitu kilichonifurahisha ni kwamba wenyewe wanajua namba inaweza kudanganya kwahiyo wameweka pete ya kurekebisha. Unaiseti 25, unaacha maji yatulie, unapima na kipimajoto unachokiamini, kama kinasoma 27 unazungusha ile pete mpaka namba ilingane na ukweli, kuanzia hapo 25 ni 25 kweli. Pia maji yakishuka sana hita ikabaki hewani inajikata yenyewe, na hilo kwa sisi tunaosahau hita wakati wa kubadilisha maji sio jambo dogo.

Mabaya yake yapo. Ni ndefu, tangi fupi linakusumbua kuipanga. Vile vimpira vya kunatia kwenye kioo vinakakamaa haraka, vikikakamaa hita inaning'inia na waya. Plagi ni ya Ulaya ya mviringo, usiitumie na zile adapta za buku zinazouzwa barabarani, nunua nzito. Na bei, ukijumlisha kila kitu unapata tatu za Kichina. Alafu jina kubwa halimaanishi ulale usingizi, Marekani mwaka 2011 hita kama milioni 1.2 za Marineland zile za aina ya Stealth ziliitwa zirudishwe kwasababu zilikua zinaweza kupasuka na kushika moto, na Marineland ni jina linalojulikana sana kwa wafugaji wa kule. Jäger nampa 8 kwa 10, na hizo 2 nimekata kwasababu ndani yake bado ni thamostati ya kugusana na kuachia ileile, imetengenezwa vizuri zaidi basi.

Sasa tufike kwenye kitu ambacho kama hela yako ni ya kununua kitu kimoja tu cha maana mwaka huu, nunua hiki. Thamostati ya nje. Mimi ninayo Inkbird ITC-308. Ni kiboksi kina kioo cha namba, upande mmoja unachomeka ukutani, kina soketi mbili, moja ya kupasha na moja ya kupoza, na kina waya mwembamba wenye kisensa nchani ambacho kinaingia kwenye maji. Hita yako, hata iwe ile ya elfu ishirini, unaichomeka kwenye soketi ya kupasha. Unaseti 26 na tofauti ya digrii moja. Maji yakishuka mpaka 25 boksi linaruhusu umeme, yakifika 26 linakata. Ile hita ndani ikigoma kuzima haina neno, boksi limeshakata. Ukiagiza angalia uchague ya 220–240V yenye plagi ya Uingereza ya pini tatu, kuna watu wameletewa ya Marekani ya 110V wakabaki wanaitazama.

Namna ya kuseti hapa ndo wengi wanakosea hata wakiwa na mtambo mzuri. Wanapandisha hita mpaka mwisho kabisa 34 ili boksi lifanye kazi lenyewe. Usifanye hivyo. Kisensa kikichomoka kwenye maji, na kitachomoka tu, mtoto atavuta waya au kimpira kitaachia, kitabaki hewani kinasoma 15 ya sebuleni, boksi litaona maji ni ya baridi litaachia umeme bila kikomo. Sasa kama hita yenyewe umeiseti kwa ukweli wake 28, hata kisensa kikianguka maji yanaishia 28 basi, mbuna hawatafurahi ila watakua hai. Hita iwe juu ya boksi kwa digrii mbili tu, zaidi ya hapo umejiondolea kinga moja. Kisensa nakifunga kwa zile klipu za plastiki za kubana waya, mbali na hita, upande ambao maji ya filta yanafika. Kuna alamu pia, seti ya juu 28 na ya chini 22, inapiga kelele kweli, mke wangu alifikiri ni jiko la gesi.

Hita ya Kichina ya pini tatu mpya, ukaichomeka kwenye hili boksi, napandisha kutoka 5 mpaka 8. Yaani inalingana na Mjerumani kwa hela ndogo, na mimi naiamini zaidi kwasababu kuna vitu viwili tofauti vyenye uwezo wa kuzima.

Kuhusu duka. Hita mbili za kioo na hili boksi niliagiza kwa jamaa mmoja Kariakoo, simtaji maana nina sifa na lawama pamoja. Sifa, anafunga mzigo vizuri sana, hita aliitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki la maji, akajaza magazeti pande zote mbili, akafunga na selotepu, ikapanda basi la usiku ikafika haina hata mkwaruzo, na kwa kitu cha kioo kinachopita barabara yote ile na mizigo ya watu juu yake hiyo ni huduma. Nilipompigia kuhusu plagi akasema ukweli kwamba zote anazopokea ni pini mbili, hakunidanganya. Lawama, ushauri wake hauna msaada. Anaishi Dar, maji ya tangi lake yapo 28 bila hita, hajawahi kuona maji ya 16, alinisukumia wati 300 kwa nguvu zote na nilipokataa akaona kama nabana hela. Jibu meseji pia ni mpaka umpigie. Nunua kwake ila nenda ukiwa unajua unachotaka.

Fundi wa hapa Mwanjelwa aliebadilisha plagi alichukua buku mbili na akafanya vizuri, aliikaza waya ndani na kile kibano chake isivutike. Hicho ndo cha kuangalia, wengi wanaunga waya tu wanafunga skrubu.

Maandalizi fanya mwezi wa tano, usisubiri baridi likukute. Mwezi wa saba maduka yanaishiwa na utachukua chochote kilichobaki. Toa hita ya mwaka jana kabatini, pitisha vidole kwenye waya mzima kutoka juu mpaka kwenye plagi ukitafuta sehemu iliyopasuka au iliyokakamaa, angalia ndani ya kioo kama kuna ukungu wa maji, ukiuona hata kidogo tupa, usianike juani ukadhani itapona, mpira wa juu umeshaachia na maji yanaingia kwenye umeme. Kama ina utando mweupe ule unaokaa kwenye birika la chai, iloweke kwenye siki ya jikoni kwa masaa kadhaa isipokua kichwa chake, ikwangue na kitambaa sio kisu. Ule utando unazuia joto kutoka, kioo kinapata moto zaidi upande mmoja na ndo kinapasuka. Baada ya hapo ndoo, pampu ya hewa, kipimajoto, usiku mzima. Kipimajoto chenyewe kisiwe ile stika ya kubandika nje ya kioo, ile inasoma nusu maji nusu hewa ya chumba, na chumba kikiwa 15 itakudanganya kwa digrii kadhaa. Ya kimiminika ya ndani ya tangi inatosha au ya dijitali yenye waya.

Kabla hujaongeza wati, weka mfuniko. Hili halisemwi sana na lina hela ndani yake. Lita moja ya maji ikipotea kwa mvuke inaondoka na karibu theluthi mbili za yuniti moja ya umeme, na tangi la wazi kwenye hewa kavu ya kipupwe linapoteza maji kila siku, unaona mwenyewe unavyoongezea. Kioo cha kufunika juu, au hata plastiki ngumu ya dirisha iliyokatwa kwa saizi, acha nafasi ya waya na ya hewa basi. Nyuma na pembeni bandika yale maboksi meupe ya povu (styrofoam) ya kupakia tv, yakate vizuri. Mimi baada ya hapo hita zinapumzika muda mrefu kati ya kuwaka na kuwaka.

Hela ya umeme, maana najua ndo swali. Hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku ni yuniti 1.2, mwezi ni 36. Kwa sisi wa matumizi ya kawaida tunaonunua yuniti kwa mia tatu na ushee ni kama elfu kumi na mbili, kumi na tatu. Angalizo kwa walioko kwenye ile tarifu ya bei ya chini ya watu wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza, hita inaweza kukuvusha pale na ukakuta bei imebadilika ghafla.

Umeme ukikatika usiku, usihangaike kuchemsha maji na kumwaga kwenye tangi, unawaua kwa mshtuko. Lita 100 zilizofunikwa zinapoa polepole, funika na blanketi pande zote, acha juu kidogo pawe wazi, chukua chupa za maji za lita moja na nusu jaza maji ya moto (sio yanayochemka, chupa itajikunja) funga vizuri elea nazo juu. Shida inayokuja mapema ni hewa sio baridi, kwahiyo pampu ndogo ya betri ina umuhimu kuliko jenereta la kupashia. Umeme ukirudi angalia hita ipo ndani ya maji na plagi haijalegea.

Na jamani chomoa hita kabla hujabadilisha maji, iache ipoe kama robo saa ndo ushushe maji. Hita yenye moto ikibaki hewani alafu ukaimwagia maji ya bomba ya Mbeya asubuhi, kioo kinaachana hapohapo, na ukiwa na mkono ndani umeme unapita kwako. Kama nyumba yako ina ile breka inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, sawa, kama haina usiingize mkono kabla ya kuchomoa kila kitu. Maji mapya changanya na ya moto kwenye ndoo mpaka yalingane na ya tangini, pima, usikadirie na kiwiko.

Kwahiyo mwenye hela kidogo achukue hita mbili ndogo za kioo, plagi mpya na mfuniko. Mwenye hela ya kati aongeze Inkbird. Mwenye ndugu anaekuja kutoka Ujerumani amtume Jäger, ila boksi la nje bado anunue.

Ile bapa ya wati 25 nauza, haina tatizo lolote, inafaa tangi dogo la watu wa Songwe kule chini au ndoo ya kutengea samaki mgonjwa. Elfu kumi, plagi nimeshabadilisha, aje aichukue Mwanjelwa.